Waliohama ndio mashahidi: kisa cha jengo la vyumba Manhattan

Jengo lina orofa 5 na vyumba 40, upande wa magharibi wa Manhattan. Kila chumba kina kitanda, sinki na dirisha moja. Vyoo na bafu viko koridoni, viwili viwili kwa kila orofa. Aliyewahi kupanga chumba Kariakoo au Eastleigh anaujua mpangilio huu bila kuelezwa. New York majengo haya huitwa SRO, na kwa miaka mingi yamekuwa makazi ya wazee, wapishi wa mahoteli, wageni wasio na ndugu mjini na watu wanaoishi kwa pensheni ndogo.

Mwenye nyumba alilinunua Machi 2021 likiwa na wapangaji 28. Juni 2023 alipoomba ruhusa ya kuvunja kuta na kutengeneza fleti 10 kubwa, walikuwa wamebaki 9. Jengo lenyewe tumelitunga, pamoja na watu wake na tarehe zake. Sheria na taratibu ni za kweli, na hila tutakazozieleza ni za aina inayojirudia katika mashauri ya namna hii.

Kesi nzima imebebwa na pengo hilo la watu 19. Kwa nini waliondoka?

Mwenye nyumba hawezi kuanza kazi bila kibali cha idara ya majengo, DOB. Kwa jengo la SRO, DOB haitoi kibali cha kubomoa wala cha kubadili idadi ya vyumba, vyoo au majiko mpaka mwombaji alete karatasi kutoka idara ya nyumba ya jiji, HPD. Karatasi hiyo ni cheti kinachosema kwamba katika miezi 36 iliyotangulia ombi, wapangaji wa jengo hawakunyanyaswa. Nguvu ya jiji iko hapo. Faini ya dola elfu chache, mwenye mtaji huiingiza kwenye gharama za mradi akaendelea na shughuli zake. Kibali kikikwama, mradi mzima unalala huku riba ya benki ikihesabika kila mwezi.

Jiji lilifika kwenye cheti baada ya kuumia. Katika miaka ya 1970 lilikuwa likitoa nafuu ya kodi ya majengo, mpango unaoitwa J-51, hata kwa waliogeuza SRO kuwa fleti za bei kubwa. Makumi ya maelfu ya vyumba yalipotea, na waliokuwa wakiishi humo wakaonekana barabarani. Sheria ya cheti ilikuja 1983. Januari 1985, saa chache kabla ya katazo la kubomoa kuanza kutumika, majengo ya Mtaa wa 44 Magharibi, SRO zikiwamo, yalibomolewa usiku bila kibali na gesi ikiwa haijakatwa. Jiji lililipwa dola milioni 2 kumaliza shauri lile. Likatunga sheria kali zaidi, iliyowalazimisha wenye majengo kuvikarabati vyumba na kuvipangisha, lakini 1989 Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliifuta katika shauri la Seawall kwa hoja kwamba ni kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia. Cheti kilisalimika. Ndiyo maana uchunguzi unaokizunguka una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwanza mtu ajue nini kinahesabiwa kuwa unyanyasaji, maana wapangaji wengi hudhani mpaka wapigwe. Kupigwa na kutishwa vimo, ndiyo. Vimo pia kukata au kukatiza huduma za lazima kama joto, maji, umeme na choo, na kutoa vitu vya mtu nje, kubadili kitasa, kung'oa mlango, au tendo lingine lolote la kumzuia mwenye haki ya kukaa asikae. Sheria inaongeza kipengele kinachobadilisha kesi yote: matendo hayo yakithibitika, huchukuliwa kwamba yalifanywa kwa nia ya kumwondoa mpangaji, mpaka mwenye nyumba aonyeshe vingine. Bila kipengele hicho HPD ingelazimika kusoma moyo wa mtu, kazi isiyo na mwisho. Kikiwepo, swali linashuka chini: joto lilikatika au halikukatika? Kwa siku ngapi? Ulifanya nini?

Na mwenye haki ya kukaa ni nani? New York, aliyekaa chumbani siku 30 mfululizo hatolewi ila kwa amri ya mahakama, awe na mkataba wa maandishi au asiwe nao. Mwenye jengo anayembadilishia kitasa anatenda kosa la jinai. Tunalisisitiza hili kwa sababu katika jengo letu wapangaji 6 kati ya wale 19 waliondoka baada ya kuambiwa na mtunza jengo kwamba hawana mkataba, basi hawana haki. Waliamini. Hakuna aliyemgusa mtu, hakuna aliyepaza sauti.

Ombi likishaingia HPD, uchunguzi una pande mbili, makaratasi na watu. Makaratasi ndiyo mepesi. Mchunguzi anaanza na matumizi halali ya jengo. Majengo mengi ya kabla ya 1938 hayana hati ya ukaaji ya DOB, kwa hiyo hutafutwa kadi za ukaguzi za zamani, zinazoitwa I-card, zilizoandikwa kwa mkono na wakaguzi wa enzi hizo, zikionyesha vyumba vingapi, orofa ipi, vyoo wapi. Zina kazi kubwa, kwani wako wanaojaribu kuliambia jiji kwamba jengo lao halikuwa SRO. Baada ya hapo hufunguliwa malalamiko yote yaliyopigwa 311, namba ya simu ya huduma za jiji, kwa anwani hiyo, makosa yaliyoandikwa na wakaguzi, kesi za mahakama ya nyumba, na vibali vya ujenzi.

Kwa jengo letu malalamiko ya joto katika msimu wa baridi wa 2021 hadi 2022 yalikuwa 41. Makosa ya joto yaliyoandikwa rasmi: 3. Wakili wa mwenye nyumba huipenda hesabu ya namna hii. Atasema watu walilalamika mara 41 na mkaguzi akakuta tatizo mara 3 tu, kwa hiyo 38 ni za uongo. Inafaa kueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana hapa ndipo wapangaji wengi hupoteza.

Msimu ambao sheria ya New York inamlazimu mwenye nyumba kupasha vyumba joto huanza 1 Oktoba na kuisha 31 Mei. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, karibu 13 za Selsiasi, ndani lazima pawe na angalau 68, yaani 20. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ndani pasishuke chini ya 62, karibu 17, vyovyote itakavyokuwa nje. Mtu akipiga 311, HPD humtafuta mwenye nyumba arekebishe, kisha inaweza kumpigia mpangaji kuuliza kama joto limerudi. Akijibu limerudi, lalamiko linafungwa. Lisiporudi, mkaguzi anakuja na kupima. Mkaguzi haingii chumbani bila ruhusa ya mkaaji au amri ya mahakama, kwa hiyo ukiwa kazini anapobisha, lalamiko linaweza kufungwa bila kipimo. Mwenye nyumba anayeujua mwendo huu huzima boila saa 5 usiku, huiwasha saa 11 alfajiri, na mkaguzi wa saa 4 asubuhi anakuta redieta zinaunguza mkono. Kosa la joto ni la daraja C, daraja la hatari ya papo hapo, lakini haliandikwi kwa mahali palipokwisha kuwa na joto.

Kwa hiyo yale malalamiko 38 hayathibitishi joto lilikuwepo, na peke yake hayathibitishi lilikosekana. Kitu cha kuyapa uzito ni kumbukumbu nyingine inayolingana nayo. Tutaifikia.

Upande wa watu ndio mgumu. Unyanyasaji uliofanikiwa huondoka na ushahidi wake. Waliobaki 9 ni wale walioweza kuvumilia, au waliopata wakili mapema, au waliokuwa na chumba mbali na matatizo. Walioumizwa zaidi ndio wasiokuwepo tena. Mmoja amekwenda kwa binti yake Ohio, wawili wako kwenye makazi ya dharura ya jiji, mwingine amefariki, na simu za wengine hazipatikani. HPD hubandika tangazo ndani ya jengo na kuandikia wakaaji, baraza la mtaa na vikundi vya wapangaji, likiomba mwenye taarifa ajitokeze. Tangazo la ukutani halimfikii aliyehama miaka miwili iliyopita.

Mchunguzi mzuri anajenga orodha yake mwenyewe. Anachukua majina aliyoyatoa mwenye nyumba kuhusu waliokaa humo, anayalinganisha na usajili wa kodi ya pango uliopelekwa jimbo kila mwaka, kwa kuwa jengo la kabla ya Julai 1969 lenye vyumba 6 au zaidi kwa kawaida liko chini ya udhibiti wa kodi hiyo ya pango, kisha anakaa na waliobaki na ramani ya kila orofa. Chumba kwa chumba. Nani alikaa 2A? Aliondoka lini, kabla ya Krismasi au baada? Alikwenda wapi? Nani alikuwa akimpikia? Watu hawakumbuki jina la ukoo la jirani, lakini wanakumbuka alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli ipi na alikuwa akisali wapi, na mchunguzi anaanzia hapo kwenda kumtafuta. Katika kisa hiki walipatikana 7 kati ya 19, na kwa uchunguzi wa aina hii hiyo ni kazi nzuri. Wapangaji wenyewe wangeweza kuifanya rahisi mara kumi kwa jambo dogo: kila anayehama aache kwa jirani namba ya simu ya ndugu yake mmoja.

Wengine walikuwa wamepokea fedha. Mwenye nyumba aliwapa watu 5 kati ya dola 4,000 na 15,000 wahame. Kumlipa mpangaji ahame si kosa lenyewe. Sheria ya jiji inataka ofa ieleze kwa maandishi kwamba mpangaji ana haki ya kukataa na ya kuonana na wakili, na akikataa kwa maandishi, asisumbuliwe tena na ofa kwa siku 180. Mchunguzi huuliza nini kilitangulia. Mpangaji wa 4B alikataa ofa mara mbili Novemba. Mwezi Januari maji ya moto yalikatika siku 11 kwenye mstari wake wa mabomba. Mwezi Februari alisaini. Tarehe hizo tatu zikiwekwa pamoja, hati ya makubaliano ambayo mwenye nyumba aliileta kama kinga inageuka kuwa sehemu ya ushahidi.

Mchunguzi akimaliza, HPD inaamua. Isipokuwa na sababu za msingi za kuamini unyanyasaji ulitokea, inatoa cheti. Zikiwepo, haimnyimi mwenye nyumba papo hapo, bali inampa taarifa na shauri linapelekwa OATH, baraza la usikilizaji la jiji lililoanzishwa 1979 na lililo mbali na idara inayoshitaki. Mpangilio huo ni wa haki. Aliyechunguza hapaswi kuwa ndiye anayesikiliza. Kwanza kuna kikao cha maelewano mbele ya jaji. Wasipoelewana, HPD ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, kwa kiwango cha kesi za madai: kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi jambo lilitokea kuliko halikutokea. Mashahidi huapishwa na huhojiwa na pande zote mbili. Asiyetaka kuja anaweza kuitwa kwa samansi, na vitabu vya mwenye nyumba vinaweza kudaiwa kwa njia hiyo hiyo. Mkalimani anapatikana bila malipo. Aombwe mapema, na mpangaji asije na mwanawe amtafsirie.

Kanuni za ushahidi ni legevu kuliko mahakamani, na habari ya kusikia kwa mtu inapokelewa. Wapangaji wasilifurahie sana hilo. Kupokelewa si kuaminiwa. Mashahidi watatu waliosema "ilikuwa baridi muda wote" hawakumsaidia jaji hata kidogo, maana muda wote haiwezekani, na wakili wa upande wa pili alihitaji swali moja tu kuwayumbisha: hata Agosti?

Aliyeibeba kesi ni mpangaji wa 3C, mama wa makamo, na daftari la shule la kurasa 96. Kila ukurasa aliugawa kwa rula safu tano: tarehe, saa, joto la nje, joto la ndani, namba aliyopewa na 311. Kipimajoto chake kilikuwa cha dola chache, kimetundikwa ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na redieta. Alipima saa 6 usiku aliporudi kazini na saa 11 alfajiri alipoamka kuswali. Usiku 23 kati ya 1 Desemba na 28 Februari vipimo vyote viwili vilikuwa chini ya 62, cha chini kabisa kikiwa 51. Wakili wa mwenye nyumba alisema kipimajoto hakikuwahi kuhakikiwa. Ni hoja halali. Lakini siku mbili kati ya zile tatu ambazo mkaguzi wa HPD aliandika kosa, daftari lilikuwa na kipimo cha saa chache kabla, na namba zilitofautiana kwa nyuzi 1 na 2 tu. Namba za 311 ziliangukia tarehe zile zile za rekodi za jiji. Yale malalamiko 38 yakapata mgongo.

Halafu mlango. Choo kimoja cha orofa ya tatu kiling'olewa mlango tarehe 3 Februari 2022, kwa maelezo kwamba umeoza na utatengenezwa. Kile cha pili tayari kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kwa sababu ya bomba. Mlango ulirudi tarehe 22, siku 19 baadaye. Katika orofa ile waliishi wanawake wanne. Walitundika shuka, walishikiana zamu ya kusimama nje, na usiku walipanda orofa ya tano kupitia ngazi isiyo na taa. Mwenye nyumba alieleza kwamba fundi wake aliugua. Jaji aliomba risiti. Ilikuwepo risiti ya mlango mpya, ulionunuliwa dukani tarehe 4 Februari, siku moja baada ya ule wa zamani kung'olewa. Mlango ulikaa ghalani siku 18. Wawili kati ya wale wanne walihama kabla ya Machi.

Hatudhani kila hitilafu ni unyanyasaji, na OATH nayo haidhani hivyo. Utetezi wa mwenye nyumba huyu ulikuwa na sehemu nzuri. Boila iliharibika kweli Oktoba 2021. Alileta ankara za fundi za siku hiyo hiyo, hati za mafuta yaliyoletwa, na ujumbe aliowabandikia wapangaji. Siku nne zile jaji alizitoa kwenye hesabu, na alikuwa sahihi. Mwenye jengo la zamani anayeita fundi mara moja na kutunza karatasi anaweza kuivunja ile dhana ya nia mbaya. Huyu aliweza kwa Oktoba, akashindwa kwa Desemba hadi Februari. Kwa usiku 23 ule hakuwa na ankara ya kuharibika wala ya kutengeneza, na saa ya kuongoza boila ilikuwa inafanya kazi.

Alijitetea pia kwamba aliyezima alikuwa mtunza jengo, kwa akili yake mwenyewe. Hilo halimwokoi. Sheria inahesabu kinachofanywa na mwenye nyumba na kinachofanywa kwa niaba yake. Anayenunua SRO leo naye ajue kwamba swali la cheti ni nini kilitokea ndani ya jengo katika ile miezi 36, pamoja na miezi ambayo hati ilikuwa bado kwa muuzaji. Kwa hiyo kabla ya kulipa, asome rekodi za anwani hiyo kwenye tovuti ya HPD, ambazo ziko wazi kwa yeyote, na ahesabu vyumba vitupu.

Jaji wa OATH aliandika ripoti na pendekezo: unyanyasaji umethibitika kwa joto, maji ya moto na choo, haukuthibitika kwa vitisho vya mdomo, kwa kuwa mashahidi waligongana tarehe. Kauli ya mwisho ni ya kamishna wa HPD, naye alilikubali pendekezo na kunyima cheti. Kwa SRO ya kawaida kama hii, mlango wa kibali unafungwa miaka 3. Lingekuwa ndani ya eneo lenye masharti maalumu ya ujenzi kama Clinton, mtaa wa magharibi mwa Manhattan, njia ya kutokea ingekuwa kutenga nyumba za bei nafuu: asilimia 28 ya eneo la makazi la jengo lililohusika au asilimia 20 ya jengo jipya, lile lililo kubwa zaidi. Na kwa majengo yaliyo kwenye orodha ya mpango mwingine wa cheti hiki ulioanza 2018, uchunguzi hurudi nyuma miezi 60 na kizuizi nacho ni miezi 60. Mwenye nyumba asiyeridhika ana miezi minne ya kwenda Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo haisikilizi ushahidi upya. Inatazama kama uamuzi una msingi na kama utaratibu ulifuatwa.

Uamuzi huu haumrudishi mtu chumbani, wala hauwashi boila. Joto la msimu ujao linadaiwa kwa njia nyingine: 311, na ikishindikana, shauri la matengenezo katika mahakama ya nyumba, ambalo mpangaji anaweza kulifungua bila wakili na ambako jaji anaweza kumwamuru mwenye nyumba atengeneze. Mahakama hiyo hiyo inaweza kumtoza faini ya unyanyasaji ya dola 2,000 hadi 10,000 kwa kila makao. Wapangaji 9 walifungua shauri lao kwa pamoja mwezi Oktoba.

Miaka 3 ikiisha mwenye nyumba anaweza kuomba tena, na HPD itauliza upya juu ya miezi 36 iliyotangulia ombi hilo jipya. Mpangaji wa 3C alinunua daftari la pili, akapiga mistari mitano, na ukurasa wa mwisho akaandika majina na namba za simu za ndugu wa kila aliyebaki.